Sahani Kwenye Kichanja cha Kahawa

Jumatatu, 4 Januari 1999

Marinda, marinda, marinda. Shule zinafunguliwa na mtaa wetu wa Soweto mzima umekumbuka leo kwamba watoto wao wamekua tangu mwaka jana. Sketi za bluu zimenizunguka mpaka mlango siuoni. Mguu umekufa ganzi kwenye pedali. Sindano ya cherehani imevunjika mara mbili. Nimetukana peke yangu, kwa sauti.

Mji umepoa. Wachagga wa Dar wamemaliza mbuzi wao wa Krismasi, wamejaza ndizi kwenye buti na kurudi walikotoka. Kila mwaka ni hivyo. Desemba mlima unafurika, Januari unabaki na wazee.

Mteja mmoja wa Kilema kaja kupimwa gauni. Huku kanyoosha mikono akaniambia Kilian hajarudi Dar. Wenzake wote wameondoka, yeye kabaki kwa mama yake. Akanitazama aone nitafanyaje. Nikamwambia avute pumzi, nampima kiuno.

Mtu akibaki kwao Januari, ama kafukuzwa kazi ama anaumwa.

Miaka kumi na moja sijaliandika jina hilo. Kilian. Haya, nimeliandika.

Jumatano, 6 Januari

Nimeshona zipu kinyume. Nimefumua. Nimeshona tena kinyume. Nikafunga kazi mchana, nikasema kichwa kinauma.

Watu husema nilimsubiri Kilian. Sikumsubiri. Sikuona mwingine tu, na hayo ni mambo mawili.

Mimi Mlutheri wa Marangu, yeye Mkatoliki wa Kilema. Kutoka kwetu hadi kwao unashuka bonde na kupanda, umefika. Mama yake alisema hataleta mbege, pombe ya posa, kwa Walutheri angali hai. Hiyo ilikuwa 1988. Kilian hakubishana naye hata neno moja. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, la mama yake nimelizoea. Akaniambia anakwenda Dar kutafuta maisha, akaniachia santuri na kasha lake la sahani za muziki. Nitunzie, alisema. Mwaka uliofuata nikasikia kaoa. Nikavipeleka vyote viwili Marangu kwa mama, nikavipandisha darini kwenye stoo ya kahawa, nikashuka ngazi. Sikupanda tena.

Jumamosi, 9 Januari

Marangu. Nimemwambia mama nimemkumbuka. Uongo mtupu, Krismasi tumekula wote.

Nikapanda darini. Stoo imeegemea jiko, kwa hiyo moshi wa miaka yote hiyo umelala juu ya kila kitu. Magunia matupu. Mavi ya panya. Kasha lipo. Nimelifuta kwa pindo la kanga yangu nzuri, mpumbavu mimi.

Wazungu wangu wa kwenye makava ya sahani! Wanaume wamejipaka poda na wanja. Nywele zimesimama kama za jogoo anayetafuta ugomvi. Mmoja kavaa koti la mabega mapana, mlangoni atapita upande upande. Mwanamke kanyoa nusu ya kichwa na nusu kaiacha. Nilicheka peke yangu mle kizani, kisha nikaacha kucheka.

Sahani hizi zilikuwa za Mzungu wa mradi wa maji. Alipokuwa anarudi kwao, mwaka 1985, alitandaza vitu vyake vyote kwenye nyasi aviuze. Miaka ile hata sabuni ilikuwa bahati. Watu waligombea sufuria, blanketi, ndoo. Akina mama wawili walivutana shuka mpaka likachanika. Kilian akapita katikati yao, akanunua santuri na kasha zima la sahani ambalo hakuna aliyeligeukia. Mama yake alimwuliza kama zinaliwa.

Nimeshuka na santuri na sahani chache, zile zenye makava ninayoyajua. Lile la bluu tupu, lenye taa ndogo nyeupe pembeni, nimelikumbatia njia nzima. Zilizobaki nyingi ni za kwaya, makava yenye misalaba na majoho. Nimeziacha hukohuko. Mama alishanifungia mkungu wa ndizi, na mikono ni miwili.

Jumapili, 10 Januari

Sikwenda kanisani.

Santuri ilikataa kuzunguka. Mkanda wake wa mpira umeoza, umekuwa unga. Nikakata lastiki ya kiuno cha sketi, nikaipima, nikaishona duara kwa mkono. Ikazunguka, lakini kivivu. Nikaikaza kidogo. Sawa.

Halafu sauti.

Sijui niandikeje. Vinanda vya umeme, vikavu na vya baridi, kama maji ya mfereji asubuhi. Ngoma ambayo haikupigwa na mkono wa mtu. Juu yake mwanamume anaimba kana kwamba hana shida ya kusikilizwa. Nilikaa sakafuni katikati ya sketi za watoto wa watu, nikairudia sahani ileile mpaka jirani akagonga ukuta.

Tulikuwa tukipiga disko Njoro, hapahapa mjini, Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa bati. Kilian aliweka sahani, mimi nilimshikia tochi. Watu walitaka za Zaire. Wakipewa za Zaire sakafu ilifurika. Kisha yeye alichomeka moja ya hizi, na ukumbi mzima ukaenda kununua soda. Sakafu tupu. Hapo ndipo alipotoka nyuma ya meza, akanishika mkono, tukacheza wawili tu, watu wanatutazama na chupa zao. Mwenye ukumbi alimtukana kila wiki. Kila wiki alirudia. Nilimpenda kwa sababu hiyo. Nilimpenda vibaya sana.

Jumatatu, 11 Januari

Ile ya bluu niliiwekea akiba. Leo nimemaliza kazi, nimefunga mlango, nimepika chai, nimekaa. Nimeweka sindano taratibu.

Kwaya. Sauti ya kwanza, ya pili, besi, kinanda cha kanisa, wote wanamsifu Mungu.

Nikaitoa, nikasoma karatasi ya katikati. Kwaya kweli. Nikaweka ya mwenye mabega. Kwaya vilevile. Nikacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki peke yake.

Nilikuwa nimesahau. Mama yake Kilian aliwahi kukuta kava la mwanamume mwenye wanja, akalichoma jikoni na kusema hataki muziki wa mashetani chini ya paa lake. Tangu siku hiyo sahani alizozipenda zaidi, zile alizokwenda nazo Kilema, Kilian alizivisha makava ya kwaya ya mama yake. Za kwaya zikavaa ya Wazungu na kukaa kwangu mjini. Hatukuwahi kuzirudisha mahali pake.

Kwa hiyo ile ya bluu ipo Marangu, darini, ndani ya msalaba na majoho. Na mimi niliiacha ili nibebe ndizi.

Jumatano, 13 Januari

Marangu siwezi kupanda kabla sare hazijaisha, basi nimezunguka maduka ya kaseti mjini. Labda mtu ana nakala. Nikajaribu kuwaimbia. Jamaa mmoja kaniangalia kwa huruma, akasema, "Dada, hiyo hata Dar haipo." Redio mpya zinapiga muziki siku nzima, na wao hawajawahi kuusikia. Huenda duniani kote wanaoujua wimbo ule ni wawili, na mmoja kabaki kwao Januari.

Kundi lile sijui linaitwaje. Kava lina rangi na taa tu, na karatasi ya katikati vilevile. Wanaimba Kijerumani au Kiholanzi, hatukupata wa kumwuliza, Mzungu wa maji alishaondoka. Basi maneno tuliyatunga wenyewe kwa kuitazama ile taa. Vinanda vinapanda, vinanyamaza, kisha anaanza kurudia, na sisi tukiimba naye: usizime taa, bado sijafika. Ndiyo wimbo mzima. Tuliuimba tukirudi Soweto kwa miguu, kila Jumapili.

Jumamosi, 16 Januari

Mama Kilian kaja.

Nilikuwa natia pasi. Nikaona kivuli mlangoni, nikadhani mteja. Amezeeka, amekuwa mdogo. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akakataa kiti. Akafungua kanga, akatoa isale. Jani bichi, limefungwa fundo. Akalishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu Aikande," alisema, "nilikukosea. Sina maneno mengine. Kijana anaumwa, na anaziulizia zile sahani."

Isale halikataliwi. Watu wa mlima huu wamemaliza ugomvi wa damu kwa jani hilo. Ukiletewa umesamehe, hakuna kuuliza mbona umechelewa. Nililipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Moyoni sikupokea kitu. Nilitaka kumwuliza miaka kumi na moja yote jani hili lilikuwa halijaota nyuma ya nyumba yake?

Nilimpa maji. Akanywa amesimama, akaondoka.

Sikujua niliweke wapi. Nimelitia ndani ya kava la bluu.

Jumapili, 17 Januari

Kilema. Nimemwona.

Wamemtandikia chumba cha mbele. Mikono yake imebaki mifupa na mishipa. Ni macho tu ambayo hayajabadilika. Ugonjwa haukutajwa. Wanasema kifua. Huku kwetu siku hizi kila kijana anayetoka Dar hivyo ni kifua. Mkewe alikufa kwa kifua mwaka juzi, hawakubahatika mtoto.

Nilikwenda na hasira zangu nimezipanga vizuri. Sikupata pa kuziweka.

Hakuniomba msamaha, namshukuru kwa hilo. Aliuliza kama bado nashona. Aliuliza kama ukumbi wa Njoro upo. Nikamwambia siku hizi ni ghala la mahindi. Akatabasamu. Kisha akasema Dar alitafuta sahani kama zile kila alipopita, hakuwahi kupata hata moja. Anataka kuisikia ile ya taa. Alisema hivyo tu, "ile ya taa."

Nimemwahidi. Kwao hakuna umeme, lakini santuri ile inakula betri. Jumatano nakabidhi sare za mwisho, nakwenda Marangu moja kwa moja.

Bado nampenda. Nimeandika ili niache kujidanganya. Haisaidii kitu, lakini nimeandika.

Jumatano, 20 Januari

Siwezi kuandika vizuri.

Nimefika kwa mama jua likiwa utosini. Nikamkuta anaimba uani. Vile vichanja vyake vya kahawa, ambavyo mwaka wa pili sasa vipo tupu kwa sababu kahawa haina bei na nusu ya mibuni kaing'oa, leo vilikuwa na kitu juu yake. Vitu vyeusi vya duara. Vimepangwa mstari kwenye waya, vizuri, kimoja kimoja, kama anavyopanga kahawa iliyooshwa.

Sahani.

Nilipoacha kasha wazi darini alipanda kuangalia ninachotafuta. Akaona makava ya kwaya, yamejaa masizi. Akaona aibu nyimbo za Bwana kulala kwenye masizi na mavi ya panya. Zile za Wazungu wenye nywele hakuzigusa. Alichagua za kanisa tu. Akazichovya kwenye ndoo ya maji na sabuni, akazisugua kwa kitambaa laini, akazisuuza mara mbili, akazianika. Tangu asubuhi. Jua la Januari.

Zimekunjamana kama majani ya magimbi. Moja pembeni imeinama kabisa na kushika waya. Ile ya bluu, nimeijua kwa karatasi yake ya katikati, imepinda mawimbi matatu.

Nilimpigia mama kelele. Mama yangu mzazi. Nilimwita majina ambayo sitayaandika. Alisimama na ndoo mkononi, akasema, "Mwanangu, nilidhani nakusaidia." Kisha akakaa kwenye kizingiti akalia. Nikazikusanya, nikaondoka. Sikumuaga.

Alhamisi, 21 Januari

Sina la kuandika.

Jumapili, 24 Januari

Fundi madirisha wa Njoro kanipa vioo viwili vilivyobaki kazini. Kaniambia kilichopindwa na jua kinyooshwe na jua.

Kwanza nikajaribu kwa akili yangu. Mimi ni fundi nguo, kitu kikikunjamana nakitia pasi. Nikatwaa sahani ya kwaya, kitambaa kibichi juu, pasi ya moto wa chini kabisa. Ikatoa harufu mbaya ikashika kitambaa. Kwaya ile haitaimba tena. Mungu anisamehe, lakini bora hiyo.

Halafu vioo. Nikajaribu na sahani nyingine iliyopinda, ya mwenye mabega yenyewe, iliyokuwa ndani ya kava la kwaya. Sahani katikati ya vioo, nje juani, pasi baridi juu yake kama uzito, nimekaa kando nailinda kama mtoto mwenye homa. Ikilainika, ndani kivulini, uzito juu, ipoe. Nilipoitoa ilikuwa imelala. Karibu ilale.

Kesho ile ya bluu.

Jumanne, 26 Januari

Siku mbili juani na kivulini. Mawimbi mawili yamelala. La tatu limekataa. Nikiongeza moto mistari itakufa, nimeona kwenye ile niliyoitia pasi.

Nimeijaribu. Inacheza. Inapanda na kushuka, sauti nayo inapanda na kushuka, kama mtu anayerudi nyumbani kutoka kwenye mbege. Lakini inacheza. Mkono wa sindano ulikuwa mwepesi mno, ukirushwa na kila wimbi, nikaubandikia kifungo kikubwa cha koti uwe mzito. Sasa unavuka. Inakwenda mpaka vinanda vinapopanda, vinanyamaza, na palepale anapotaka kuanza kurudia, inafika kwenye wimbi la tatu. Sindano inarukia nje.

Nimejaribu kila njia. Haivuki pale. Mwanzo wote upo, wimbo wenyewe haupo.

Nakwenda nayo hivyohivyo. Hakuna muda wa kuwa na kitu kizuri.

Jumatano, 27 Januari

Nilifika Kilema asubuhi. Hajaweza kuketi tangu juzi. Mama yake alikuwa amempaka mafuta na kumvalisha shati la kola, nadhani kwa ajili yangu.

Nimeweka santuri kwenye stuli karibu na kichwa chake. Betri mpya. Nikamwonyesha kava la bluu, akaligusa. Mama yake alisimama mlangoni, hakuingia, hakutoka. Nilimwambia Kilian ukweli wote: dari, mama yangu, sabuni, kichanja. Nilidhani atasikitika. Alicheka. Kicheko kikamletea kikohozi, tukangoja kipite, akacheka tena. Akasema kwa tabu kwamba hakuna sahani nyingine duniani iliyowahi kuanikwa kama kahawa.

Nikaweka sindano.

Vinanda vikaingia, vinayumba. Alifumba macho. Kidole chake kimoja juu ya shuka kilipiga ile ngoma isiyopigwa na mtu, bila kukosea. Vikapanda. Vikanyamaza. Sindano ikaruka, kwa! na santuri ikabaki inazunguka bure.

Yeye hakusimama. Aliendelea. Sauti haikutoka, midomo tu ilisogea, na mimi niliyajua maneno. Alirudia mara nne, tano, kama inavyotakiwa, kisha akafungua macho akanitazama aone kama nimefuata.

Nilikuwa nimefuata.

Nilibaki naye mpaka alipolala. Mama yake alinisindikiza hadi kwenye ua wa masale, mpaka wa shamba lao. Akaniambia "aika, mae," ahsante, akarudi ndani haraka.

Jumanne, 2 Februari

Amefariki leo alfajiri.

Ijumaa, 5 Februari

Tumemzika kihambani, kwenye shamba la ukoo wao, chini ya migomba, kando ya baba yake. Padri alisema vizuri. Watu walikuwa wengi, wa Dar wamepanda tena mlima mwezi mmoja tu baada ya kushuka.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake wa kumenya ndizi. Hapo ndipo mahali pangu. Mjane hayupo, ameshatangulia, na kiti chake hakuna aliyekikalia. Mwanamke mmoja mwenye kisu aliniuliza kwa upole mimi ni nani wa marehemu. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani.

Utomvu wa ndizi umenishika mikononi. Nimesugua kwa mafuta ya taa, hautoki. Nimechukia kila mtu leo, hata padri, hata yeye Kilian. Hasa yeye. Angebishana na mama yake siku moja tu, mwaka ule, ningekuwa na kiti cha kukalia leo.

Jumapili, 14 Februari

Nimepanda Marangu. Nilipita kwenye ua wa masale, nikachuma jani, nikalifunga fundo. Sijawahi kumpelekea mtu isale.

Mama alikuwa anakama. Aliliona jani, akaacha kukama, akajifuta mikono kwa muda mrefu sana. Akasema mtoto hamletei mama yake isale, ni kosa gani hilo? Nikamwambia alipokee tu. Kalipokea. Tukala mtori, tukaongea habari za ng'ombe. Nilipokuwa naondoka nikaona vile vichanja amevivunja kuni.

Nilimwelewa yule mama wa Kilema kidogo, leo. Kidogo tu. Lile neno la samahani unakwenda nalo njia nzima, ukifika linabaki jani peke yake.

Jumatatu, 1 Machi

Kazi. Vitambaa vya Pasaka. Rangi ya maziwa, rangi ya pichi, marinda mengi kifuani, ndiyo fasheni.

Sijaigusa santuri. Nimeifunika kitambaa.

Jumamosi, 20 Machi

Mvua ya masika imeanza. Matope mpaka kizingitini.

Mchana Mama Kilian kaja. Kalowa, ndala mkononi, mkungu wa ndizi kichwani, kutoka kule juu. Nimempa kanga kavu na chai. Tukaongea mvua. Tukaongea ndizi. Kisha akakitazama kile kitambaa juu ya santuri, akasema nimwekee ile ya mwanawe.

Nikaweka. Mama huyu aliyechoma kava la mashetani jikoni kwake alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono mapajani, kama yuko kanisani. Vinanda vikapanda, vikanyamaza, sindano ikaruka. Akashtuka. Akaomba niirudishe mwanzo. Nikairudisha. Ikaruka palepale. Akaomba tena.

Mara ya tatu, santuri ikiwa bado inazunguka bure, aliuliza. "Siku ile ilipokatika hapa, midomo yake ilikuwa inasogea. Alikuwa akisema nini?"

Nilikuwa nimeliweka neno hilo kuwa langu peke yangu. Ndilo nililobaki nalo. Sahani yenyewe hailisemi tena.

Nikamwambia. Alikuwa akisema, usizime taa, bado sijafika.

Hakulia mara moja. Alilirudia polepole, kama mtu anayejifunza sala mpya, akakosea katikati, nikamsahihisha. Ndipo akalia. Nikavuta stuli, nikakaa karibu naye, nikamshika. Ni mwepesi kama yule mwanawe siku za mwisho.

Isale lake bado lipo ndani ya kava la bluu. Limekauka, limekuwa la kahawia, fundo halijafunguka. Nadhani ni leo nilipolipokea.

Mvua imekatika jioni. Nimemfungia kanga yake iliyolowa kwenye mfuko. Mlangoni akageuka, akauliza kama anaweza kuja tena Jumamosi ijayo. Nimemwambia aje, nitakuwepo.